Siku Tuliyopanda Mlima na Mbuzi ya Nazi

Sisi tuliotoka Unguja tukashuka Matrah, Oman, na masanduku yaliyofungwa kamba, tukumbushane kidogo, maana tunaokumbuka tunazidi kupungua. Vijana wakitaka wasome nao, lakini siwaandikii wao. Nakuandikia wewe uliyelala kiangazi juu ya paa, shuka umeiroweka maji ya kisima, na ikishakauka unaamka unairoweka tena. Wewe uliyemsikia punda wa maji kabla hujamsikia muadhini. Wewe unayeijua ladha ya chai iliyopikwa kwa maji ya chumvi. Mimi sikusoma. Bibi alinisomesha msahafu na akanifundisha kuandika jina langu, basi. Skuli ya watoto wa kike Matrah haikuwapo, na ilipokuja nilikuwa nishaolewa. Kwa hiyo nnaandika kama ninavyosema, na anayeona maneno yangu yana makunyanzi aniletee nguo yake, hiyo n'taipiga pasi.

Ilikuwa mwaka wa sitini na saba, kama sikosei, mimi nna miaka kumi au kumi na moja. Tulikaa ndani ya vichochoro nyuma ya soko la Matrah, chumba kimoja na ua, wanawake watatu: Bibi, yaani mama yake baba, Mama, na mimi Muzna. Baba alikuwa Kuwait kazini, akija mara moja kwa mwaka na mkono mmoja wa vitambaa na mwengine wa habari. Mchana nilicheza mdako kwenye kivuli cha ukuta na watoto wa Kiarabu wa kichochoroni, mawe matano tu, na mawe pale si kitu cha kutafuta. Walikuwa wakiucheka Uarabu wangu mpaka wanalala chini. Nami nilikuwa nikiwapiga kwenye mdako mpaka wanalia. Tukawa sawa. Wajukuu zangu leo wakichoka na mchezo wanaufuta kwenye simu wanatia mwengine. Sisi mchezo ulikuwa mmoja na ukikuchosha unalala.

Katikati ya chumba kile, kama mtu wa nne, lilikaa sanduku la Mama. Sanduku la mninga, lina misumari ya shaba, kamba ya usumba imelizunguka mara tatu. Tangu tulishushe melini halijafunguliwa. Mama alikuwa na doti mbili za kanga nje, akivaa hii anafua hii. Ukimuuliza kwa nini hafungui, anakujibu bila ya kukutazama: "Sanduku la safari halifunguliwi njiani." Miaka mitatu, na kwake Matrah ilikuwa bado njiani. Mimi nikilala ubavu wangu ukigusa mbao zake, na nikitia pua kwenye tundu la ufunguo nasikia harufu ya karafuu, mbali, kama mtu anayeongea nyumba ya pili.

Kilichonitia hofu mwaka ule ni barua. Mjomba wangu, ndugu wa pekee wa Mama, alikuwa Mombasa. Aliandika kwamba amemtafutia Mama nafasi kwenye meli ya mwisho wa mwezi, yeye na mimi, tukakae kwake kwenye minazi na mvua. Baba alijibu kutoka Kuwait: fanya upendavyo. Bibi hakutajwa. Bibi alikuwa mzee, kifua chake kilikuwa kibovu, na alishasema tangu siku ya kwanza kwamba yeye kaburi la baba yake liko Oman na lake litakuwa hapo hapo. Kwa hiyo tukienda, Bibi anabaki peke yake na ndoo yake ya maji. Nami nilikuwa sijui kulala bila ya mgongo wa Bibi. Hesabu yangu ilikuwa hiyo: sanduku likibaki limefungwa mpaka mwisho wa mwezi, mimi na Bibi tumeachana.

Lakini ulimi wa Mama ulikuwa umempa Bibi njia. Siku moja chai ilikatika, maziwa yakawa mabonge kwa ile chumvi ya kisima, na Mama akaimwaga sufuria nzima uani. "Nchi gani hii!" akasema. "Mawe juu, mawe chini, maji yanakuja kwa punda! Wallahi, siku n'takayoona maji matamu yanakwenda yenyewe juu ya ardhi, bila ya ndoo wala punda, siku hiyo n'tafungua sanduku langu."

Bibi alikuwa akishona kofia. Akatia sindano kwenye kitambaa, akaiweka chini. "Umeapa," akasema.

"Nimeapa."

"Muzna kasikia?"

"Nimesikia, Bibi."

"Haya." Akarudi kwenye kofia yake.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Ummu Khalfan, Mwarabu wa milimani aliyeolewa mjini, mwanamke mwembamba, mkavu, mikono kama mizizi. Alimpenda Bibi kwa sababu Bibi alimshonea mwanawe kofia iliyozungumzwa mtaa mzima. Yeye na Bibi walikuwa wakikaa barazani kila alasiri wakisemezana, mmoja Kiarabu cha milimani, mmoja Kiswahili cha Malindi ya Unguja na Kiarabu cha msahafuni, mimi katikati nikifasiri, na pale nilipochoka kufasiri waliendelea wenyewe wakaelewana vile vile. Yeye ndiye aliyesema kwamba juu kabisa, nyuma ya mlima ule unaouona kutoka paani, kuna bwawa ndani ya jiwe. Utotoni alikuwa akinywesha mbuzi huko. Halikauki. Kwenda na kurudi ni siku moja kwa miguu.

"Lakini si sasa," akasema. "Ngojeni baridi. Sasa mawe yanaunguza mpaka nyoka wanahama."

Hapa ndipo ujinga wetu ulipoingia, na ujinga huu usingefanywa na mtu mwengine yeyote katika mji ule ila sisi. Bibi alikuwa akiuhesabu Mwaka. Wewe unaujua: Mwaka wetu wa Unguja, Nairuzi, ule wa kuogwa. Alihesabu kwa kumi kumi, kokwa moja ya tende kila siku ndani ya mkebe, na hakuna mtu aliyethubutu kuugusa mkebe ule. Kule kwetu Mwaka unakuja wakati wa kipupwe, upepo baridi, watu wanakwenda ufukweni asubuhi wanatetemeka na kucheka. Matrah Mwaka ule ule unaangukia tende zinapoiva, joto la kumchemsha mtu ndani ya ngozi yake. Na ufukwe wa Matrah umejaa makuli na wachuuzi, mwanamke aingie wapi? Miaka miwili Bibi alituogesha Mwaka chumbani kwa ndoo ya maji ya bahari. Aliita "mwaka wa ndoo," na kila lililoharibika, jino, kikohozi, jogoo kuibiwa, alisema ni hiyo ndoo.

"Mwaka haungoji baridi," akamwambia Ummu Khalfan. "Tutauogea huko juu. Na huyu," akamwonyesha Mama kwa kidevu, "akaone maji."

Mama akacheka kwa puani. Alikubali, nadhani, ili aende aone mawe, arudi, na kiapo kimwache huru.

Tulitoka baada ya sala ya alfajiri, lango la mji ndilo kwanza linafunguliwa, askari anapiga miayo. Ummu Khalfan mbele na punda wake. Juu ya punda: kiriba cha maji, sufuria, kipolo cha mchele, nazi moja, na mbuzi ya nazi. Ndiyo. Mbuzi, ile ya mti yenye ulimi wa chuma, ya kukalia. Bibi alisema hawezi kuoga Mwaka akala mkate mkavu kama mfungwa; atakula wali wa nazi. Ile nazi aliichagua dukani jana yake, asubuhi nzima, akizitikisa sikioni moja moja mpaka mwenye duka akakata tamaa akamletea kiti.

"Tunakwenda kuoga au tunahama?" Mama akauliza.

"Wewe sanduku lako umelifunga kwa safari miaka mitatu, mimi mbuzi yangu ya siku moja inakuudhi?"

Ummu Khalfan naye alikuwa akiizunguka mbuzi ile tangu nyumbani. Mwisho akaniuliza kwa sauti ya chini: "Hiki ni kiti cha nani? Cha jini?"

Nje ya mji, pale njia inapogawanyika, moja inafuata pwani, moja inaingia mlimani, Bibi akatoa mkebe wa majivu ya jiko letu akayamwaga njia panda. "Mwaka nenda na mabaya yako," akasema. Nilimsikia Mama akisema "amina" bila ya kutaka, kama mtu anayepiga chafya.

Halafu tukapanda. Nnakwambia, mwanzo ilikuwa kama ndoto, na mpaka leo nikifumba macho naiona hivyo. Mlima ulikuwa zambarau, halafu kahawia, halafu jua likaugusa juu ukawa rangi ya mdalasini. Hapakuwa na jani. Hapakuwa na sauti, ila kwato za punda na bangili za Bibi. Nikageuka nyuma nikaiona Matrah yote ikiwa ndogo kama kitu cha kushika mkononi, nyumba nyeupe zimeinama ukingoni mwa bahari, bahari imelala, ngome juu ya jiwe lake kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Nilikuwa sijapata kuuona mji nilimoishi. Ukiwa ndani ya vichochoro unauona ukuta tu. Nikafikiri: huu ndio wa kwetu, na mwisho wa mwezi n'tauona hivi hivi kwa mara ya mwisho, kutoka melini.

Punda alikuwa wa kwanza kuwa na akili. Njia ilipokuwa ngazi za mawe alisimama, na Ummu Khalfan akamsihi kwa Kiarabu, Bibi akamtukana kwa Kiswahili, hakusikia lugha yoyote. Tukamfunga kwenye kivuli cha mkunazi uliokuwa pale peke yake. Mizigo ikagawanywa: Ummu Khalfan kiriba, Mama sufuria na mchele, Bibi nazi yake ameikumbatia kama mtoto, na mimi mbuzi juu ya kichwa. Nilipanda mlima ule nimetanguliwa na ulimi wa chuma.

Saa mbili za asubuhi mawe yakaanza kupumua joto. Kufika saa tatu, ukiweka mkono kwenye jiwe unautoa mbio. Kubadhi la Mama likakatika ukanda, akararua upindo wa kanga akalifunga. "Mlima mkavu kama koo la mfungaji," akamwambia Bibi. "Maji yako wapi, Mama? Mwambie huyo shoga yako atuonyeshe hata jasho la jiwe!"

Bibi aliendelea kupanda. Pumzi zake zilikuwa zikipiga filimbi. Kila mapindo mawili alikaa, na Ummu Khalfan akimmiminia maji kichwani kidogo kidogo akisema "shwayya, shwayya," polepole, polepole. Mara moja alipokaa alifumba macho muda mrefu, midomo imekuwa ya kijivu, na Mama akaacha utani. Akapiga magoti mbele yake, akampepea kwa upindo wa buibui.

"Turudi, Mama. Basi. Mimi nimekusamehe safari hii."

"Sikuomba msamaha," Bibi akasema, macho bado yamefumba. "Nimeomba uone."

Akainuka. Mama akamshika kiwiko, na hakukiachia tena.

Maji tuliyasikia kabla ya kuyaona. Si maji yenyewe, vyura wake. Ummu Khalfan akasimama, akainua kidole. Krr, krr. Halafu kereng'ende mwekundu akapita mbele ya uso wangu. Halafu upepo ukageuka, na ukawa na harufu. Wewe uliyekaa Matrah miaka ile unajua hapakuwa na harufu ya kijani mji mzima. Palikuwa na samaki, ubani, ndimu kavu na punda. Hii ilikuwa harufu ya udongo uliorowa. Nikamwangalia Mama. Pua zake zilikuwa zimefunguka.

Mlima ulikuwa umepasuka, na ndani ya ufa ule, baina ya kuta mbili ndefu za jiwe, lilikuwa limelala bwawa. Si kubwa. Urefu wake kama msikiti wa mtaani, upana kama chumba chetu. Lakini lilikuwa kijani, kijani cha jani la mgomba, na safi mpaka unaziona kokoto za chini zimejipanga. Mtini ulikuwa umetoka ndani ya jiwe lenyewe, mizizi inaning'inia mpaka majini. Jua lilikuwa limeingia kidogo tu, na nuru ilikuwa ikiyapiga maji, ikirudi, ikicheza juu ya kuta kama vile jiwe nalo limekuwa maji.  Vyura walinyamaza.

Bibi alishuka majini na kanga zake, polepole, akajizamisha mara saba, na kila akitoka anasema "Mwaka njoo na kheri zako." Kifua chake kikaacha filimbi. Nikaingia mimi, baridi ikanikata pumzi, nikapiga kelele na mlima ukanirudishia. Mwisho Mama. Alikaa ukingoni ametia miguu tu, uso umekaza. Mara akaruka. "Nnaliwa!" Vilikuwa visamaki, vidogo kama punje za mchele, vinamdonoa vidole vya miguu. Akarudisha mguu. Vikarudi. Akaanza kucheka, na kicheko kile, jamani, sikuwa nimekisikia tangu Unguja. Kilikuwa kirefu, cha tumboni, kimekaa ndani miaka mitatu. Alijiacha akazama mzima.

Tukawasha moto kwa vijiti vya mtini. Bibi akavunja nazi, tukagawana maji yake mafunda mawili mawili. Nikakaa juu ya mbuzi, mimi na nguo zangu zinachuruzika, nikakuna nazi katikati ya milima ya Oman, na Ummu Khalfan akachuchumaa mbele yangu akiangalia zile chembe nyeupe zinavyoanguka. "Kumbe kiti kina kazi," akasema. Wali ulipikwa kwa maji ya bwawa lile. Matamu. Haukuwa na chumvi ila tuliyotia wenyewe.

Mama akaonja maji yenyewe kwa ncha ya kidole. Nikadhani kazi imekwisha. Lakini mnajua watu wa kwetu na kiapo.

"Matamu," akasema. "Hilo nakubali. Lakini mimi nilisema yanayokwenda. Haya yamesimama. Hiki ni kisima kikubwa tu, kimekosa ukuta."

Nikamfasiria Ummu Khalfan. Akashangaa. Akaonyesha kichwani mwa bwawa: yanatoka chini ya jiwe lile. Akaonyesha miguuni: yanaingia kwenye ufa ule. Yanakwenda, mwambie mama yako, yanakwenda usiku na mchana.

"Siyaoni yakienda," Mama akasema. "Nimeapa kwa jicho langu, si kwa jicho lake."

Bibi akachukua kifuu, kile nilichokwisha kukikuna, akakiosha, akakiweka juu ya maji upande wa chini ya mtini, taratibu kama mtu anayemlaza mtoto. "Haya. Tukitazame."

Mimi nilikuwa nimesharudi majini, yananifika mabegani, nimeshika mzizi. Kifuu kilikuwa mbele yangu, hatua moja. Tukakitazama. Hakikwenda popote. Kilikaa pale, kimefungua kinywa. Ummu Khalfan akasema ngojeni. Bibi midomo ilikuwa ikisoma. Sauti zote zilikuwa zimekufa, na nuru inacheza ukutani, na kifuu kimesimama. Nikahesabu kumi, nikahesabu kumi nyengine, kama Bibi na kokwa zake.

Mama akainuka, akaanza kukamua kanga. Akasema kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko ukali: "Basi, Mama. Umejitahidi. Tukusanye vyombo."

Bibi hakugeuka. Alikuwa akikitazama kifuu, na mgongo wake, ule mgongo wangu wa kulalia, ulikuwa umeanguka.

Nikanyoosha mguu chini ya maji. Kidole gumba kikakigusa kifuu kwa chini. Nikasukuma. Mara moja tu.

Kikaondoka. Kikazunguka nusu, kikachukua njia, kikapita mbele ya Bibi, kikapita mbele ya Mama aliyekuwa na kanga mkononi, kikaenda mpaka kwenye ufa wa jiwe, kikagonga, kikaingia.

Mama alikaa chini.  Aliutazama ule ufa mtupu mpaka wali uliobaki ukapoa.

Jioni tulirudi mjini lango bado liko wazi, tumechomwa usoni kama mikate, punda anatuona anatucheka. Mama hata viatu hakuvua. Alichukua kisu cha samaki akakata kamba ya usumba, mara tatu, akafungua. Karafuu ikajaa chumba. Zikatoka kanga, zikatoka bilauri, na chini kabisa, imefungwa ndani ya shuka, ikatoka cherehani ya mkono. Miaka mitatu nililala kando ya cherehani bila ya kujua.

Kwa cherehani ile Mama alishona kanzu za nusu ya Matrah. Kwayo nilijifunza mimi. Serikali mpya ilipokuja, na watu wa kwetu wakaja kwa ndege na vyeti vyao, wakaingia wizarani, mimi sikuwa na cheti, nilikuwa na futi ya kupimia na jicho. Leo nna duka Matrah, nna duka Al Khuwair, na hao wenye vyeti wakitaka kanzu ya sikukuu wanapanga foleni kwangu. Sijivuni, nnajivuna, kwa nini nisijivune? Lakini yote hayo yalisimama juu ya kidole gumba cha mguu wa mtoto, na mimi peke yangu nikijua.

Mjomba hatukumuona tena. Ile meli ilikwenda, na miaka minne baadaye ikaja barua ya msiba wake, kwa mkono wa mtu mwengine. Mama alikuwa akishona. Akasimamisha gurudumu kwa kiganja, akasema: "Ningekwenda ule mwaka, ningemuona." Akaendelea kushona. Mimi nilikuwa sakafuni natia vifungo. Nikafungua kinywa, nikakifunga. Bibi alikuwa ameshazikwa alipotaka kuzikwa, mgongo wangu haupo wa kujifichia. Nikatia kifungo. Na Mama amefariki sijamwambia.

Kiangazi hiki nikasema basi. Nikamwambia mjukuu wangu Lujeina, msichana wa chuo, anichukue. Akaniangalia. "Bibi, kuna digrii arubaini na nne!" Ameisoma kwenye simu. Sisi tulikuwa hatujui ni ngapi, ndiyo maana tulikwenda. Nikamwambia nataka mwezi ule ule au sitaki. Halafu nikatafuta kifuu nyumba nzima hakuna. Wanangu nazi wanainunua kwenye boksi, ishakunwa, ishakamuliwa, wao kumimina tu. Nikakipata kwa mpishi Mhindi wa mkahawani, naye hakuniuliza cha nini.

Siku hizi lami inakupeleka mpaka karibu na ule mkunazi. Tulifika na nuru ya kwanza. Lujeina ana saa inayomhesabia hatua, ana viatu vya kupandia, ana maji yenye vipande vya barafu, na alichoka kabla yangu. Kila mapindo mawili mimi nilikaa kupumzisha magoti, yeye alikaa kutafuta mtandao. Zamani mlima ulikuwa na watu wanne na tulikuwa tukizungumza. Sasa tulikuwa wawili na sauti nyingi zilikuwa mfukoni mwake. Sisemi ni wabaya. Nasema hawajui kukaa. Lakini alipouona ufa wa mlima, na kijani kile, na nuru ikitembea ukutani, aliitia simu mfukoni mwenyewe bila ya kuambiwa, na nikampenda zaidi.

Vyura wapo. Visamaki vipo. Mtini umenenepa kama mimi.

Nikakaa ukingoni, nikakiweka kifuu chini ya mtini, pale pale. "Usiguse maji," nikamwambia. "Hata kidole."

"Tunangoja nini, Bibi?"

"Tunangoja."

Hakikwenda. Kilikaa, kimefungua kinywa, kama siku ile. Nikaona sawa, ndivyo nilivyojua siku zote: nilimzuia Mama kwa uongo. Nikamhadithia Lujeina yote, polepole, Bibi, sanduku, mjomba, mbuzi juu ya kichwa changu. Alicheka penye kucheka. Penye mjomba hakucheka. Tukanywa chai ya chupa, tukala vitumbua. Kivuli cha mtini kilihama jiwe moja kwenda jengine, na jengine tena. Nadhani nilisinzia.

"Bibi." Ananitikisa bega. "Bibi, tazama."

Kifuu kilikuwa upande wa pili. Kilikuwa kimefika kwenye ufa wa jiwe, kinagonga, taratibu, kama mgeni mwenye adabu mlangoni. Kikageuka nusu. Kikaingia.

Nikaiangalia miguu ya Lujeina. Nikaiangalia yangu. Ilikuwa juu ya jiwe, yote minne, mikavu, ndani ya viatu.